Vichura Havijengi Miguu ya Mchezaji wa Kikapu

Kwenye ukuta wa nyuma wa uwanja tunaofanyia mazoezi hapa Dar es Salaam kuna safu ya mistari ya chaki ambayo mvua huifuta na sisi huirudisha. Kila mchezaji ana mistari miwili. Wa chini unaonyesha anapofika kwa ncha ya vidole akiwa amesimama wima, visigino vikiwa chini na mkono mmoja umenyooshwa; wa juu unaonyesha alipogusa baada ya kuruka papo hapo, bila kukimbia wala kupiga hatua. Tunapima nafasi iliyopo kati ya mistari hiyo kwa futikamba na kuiandika kwenye daftari. Kipimo hiki kina umri wa zaidi ya miaka 100: Dudley Sargent, aliyesimamia kwa miaka mingi mazoezi ya viungo katika Chuo Kikuu cha Harvard, alikieleza kwa maandishi mwaka 1921, na mpaka leo kinabeba jina lake. Ninakipenda kwa sababu kinahitaji ukuta na chaki tu, na kwa sababu ukuta haumpendelei mtu.

Mwaka jana binti mmoja wa miaka 16 aliruka sentimita 31 siku ya kwanza tulipompima. Baada ya wiki 12 aliruka sentimita 36. Katika wiki hizo zote kulikuwa na lalamiko moja alilolirudia, tena kwa heshima zote, akiwa ameshika chupa yake ya maji na begi liko mgongoni: "Kocha, mbona tunaondoka na mimi sijachoka?" Mama yake naye aliniuliza kwa upole, siku alipokuja kumchukua, kwa nini watoto hawatoki jasho la kutosha. Maswali hayo mawili ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii, kwa sababu yanagusa kosa ambalo limeota mizizi katika viwanja vyetu: kuamini kwamba miguu iliyochoka ni miguu iliyojengeka.

Nilipokuwa na umri wa binti huyo, miguu yangu ilijengwa kwa kuruka kichura. Yeyote aliyesoma katika shule zetu anakijua kichura: unachuchumaa mpaka makalio yakaribie visigino, unaweka mikono kichwani au unashika masikio, unaruka mbele mpaka uambiwe basi. Darasani kilikuwa adhabu, uwanjani kikaitwa mazoezi ya miguu. Kocha wetu wa wakati huo alikuwa mtu aliyetupenda kweli, aliyetoa nauli mfukoni mwake ili tufike kwenye mechi, na alitupeleka kichura kutoka goli hadi goli, kwenda na kurudi, mara tano. Uwanja wa kikapu una urefu wa mita 28. Tulimaliza tukiwa tumelala kwenye saruji, mapaja yakitetemeka, na wote tuliamini kwamba kazi imefanyika. Nikiwa na miaka 19 nilianza kusikia maumivu chini ya pia ya goti la kushoto, mahali ambapo kano inashikana na mfupa. Kwanza yalikuja baada ya mechi, kisha wakati wa mechi, na mwishowe nilikuwa nashuka ngazi za nyumbani kwa kushika ukuta. Sikuwahi tena kuruka kama nilivyoruka kabla ya hapo. Simlaumu kocha wangu, kwa maana alitupa alichokuwa nacho. Lakini nimejiapiza kutowapa watoto wa wengine kitu ambacho sasa ninajua hakifai.

Kichura hakifai kwa lengo hili kwa sababu mruko wa mchezaji wa kikapu ni tendo la muda mfupi mno. Anayekwenda kufunga kwa kuruka kwa mguu mmoja anaukanyaga uwanja kwa takriban sehemu mbili za kumi za sekunde, kisha yuko hewani. Msuli wa binadamu huhitaji zaidi ya sehemu tatu za kumi za sekunde kufikia kilele cha nguvu zake. Maana yake ni kwamba mchezaji hapati kamwe nafasi ya kutumia nguvu zake zote. Anatumia zile tu anazoweza kuzitoa kabla unyayo haujaacha ardhi. Ndiyo maana yupo kijana mwenye mapaja mazito, anayeweza kubeba magunia ya mahindi kutwa nzima, na bado anapitwa na mwenzake mwembamba kwenye ribaundi, yaani kuudaka mpira uliokosa goli. Wote wana nguvu, ila mwembamba anazitoa upesi. Hiyo ndiyo nguvu ya mlipuko: nguvu iliyozidishwa na kasi, na ukikosa kimojawapo umekosa vyote viwili.

Tukirudi kwa kichura, kile cha kwanza au cha pili huenda kikawa na kasi. Cha ishirini hakina. Akiba ya nishati inayowezesha msuli kulipuka hutosha kwa sekunde chache tu, na huchukua dakika kadhaa za mapumziko kujaa tena. Baada ya hapo msuli unafanya kazi kwa njia nyingine, ya polepole zaidi, na mwili, ambao ni mwanafunzi mtiifu kuliko sote, unajifunza kile hasa unachorudia. Ukimrusha mtoto mara mia akiwa amechoka, umemfundisha mara mia jinsi ya kuruka chini na taratibu. Wakati huohuo kano ya goti inabeba mzigo goti likiwa limekunjwa hadi mwisho, juu ya saruji, bila siku ya kupumzika.

Mazoezi yetu ya mlipuko, kwa hiyo, ni machache na yana ukimya mwingi ndani yake. Seti moja ni miruko minne au mitano, kila mruko ukifanywa kana kwamba ndio wa mwisho wa mechi, halafu mchezaji anatembea dakika mbili au tatu kabla ya kurudia. Anayeanza hazidishi miruko 50 au 60 kwa siku, tukihesabu kila mara nyayo zinapogusa chini, na siku mbili kwa wiki zinamtosha, zikiachana kwa angalau saa 48. Tunafanya kazi hiyo mwanzoni, mara tu baada ya kupasha mwili joto, wakati miguu ingali mibichi, kamwe si mwishoni kama malipo ya makosa ya mchezo. Ninaposimama pembeni nikiangalia, kinachoniambia kwamba muda umetosha ni sauti. Mchezaji mwenye miguu iliyopumzika hugusa chini kwa mlio mfupi na mkavu. Akianza kuchoka, mlio unakuwa mzito na mrefu, kama mtu anayetua mzigo. Nikisikia hivyo nasimamisha, hata kama daftari linasema zimebaki seti mbili.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, kuna wiki tatu au nne ambazo hakuna anayeruka juu kabisa. Tunajifunza kutua. Hapa ndipo wazazi na wachezaji wenyewe wanapokosa subira, na hapa ndipo nisipokubali kubembelezwa. Mchezaji anasimama juu ya sanduku la sentimita 30, anaachia hatua moja mbele, anatua kwa miguu miwili na kubaki alivyo kwa sekunde tatu. Ninatazama mambo mawili tu. La kwanza, magoti yaelekee kule vidole vya miguu vinakoelekea, yasigongane wala kuingia ndani. La pili, makalio yaende nyuma na kiwiliwili kiiname kidogo, ili mzigo ubebwe na nyonga na misuli ya nyuma ya paja badala ya kuangukia kano ya goti peke yake. Mtu anayetua baada ya kuruka hupokea kutoka ardhini nguvu iliyo mara kadhaa ya uzito wake, na uwanja wa saruji haumsaidii kuimeza.

Kwa mabinti ninakaza zaidi. Inajulikana vizuri katika tiba ya michezo kwamba wasichana huchanika ligamenti ya mbele iliyo ndani ya goti, ule ukanda unaoshikanisha mifupa, mara nyingi kuliko wavulana wanaocheza mchezo uleule, na mara nyingi hutokea bila kuguswa na mtu: ni kutua au kugeuka ghafla goti likiwa limeingia ndani. Goti la namna hiyo ni miezi mingi ya kukaa nje, na kwa familia nyingi upasuaji wake ni gharama isiyofikirika. Yule binti wa sentimita 31 alipoanza, magoti yake yaligusana kila alipotua. Tulimfunga mkanda wa mpira kuzunguka mapaja, juu kidogo ya magoti, ili ajizoeze kuusukuma kwa nje anaposhuka, na wiki ya tatu nilimwona akijirekebisha mwenyewe hewani, kabla nyayo hazijafika chini. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku alipofikisha sentimita 36.

Baada ya kutua zinakuja nguvu zenyewe. Kasi haina cha kuzidisha ikiwa nguvu hazipo, na wachezaji wengi wachanga ninaowapokea hawana nguvu za kutosha kuchuchumaa kwa mguu mmoja kwenye benchi na kuinuka. Jimu zenye vyuma safi ni ghali na ziko mbali na wengi wetu, kwa hiyo tunatumia tulichonacho. Kiroba cha unga cha kilo 25 kikijazwa mchanga mkavu huzidi kilo 50, kwa hiyo tunakijaza kiasi, tunakipima kwenye mizani ya muuza duka, kisha tunakishona mdomo na kukiandika uzito kwa kalamu ya wino mzito. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20, na halihitaji mizani. Tunayo pia vyuma vya kienyeji, makopo ya rangi yaliyomiminwa zege na kuunganishwa kwa bomba, lakini ninayakataa mpaka nipime kila upande peke yake, kwa sababu nimekuta kopo moja likizidi jingine kwa kilo nne, na kilo nne za tofauti juu ya mabega ya mtoto wa miaka 15 zinampinda mgongo bila yeye kujua.

Mazoezi ya nguvu tunayoyategemea ni manne. Kuna skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, kiroba kikiwa kimekumbatiwa kifuani, kwa kushuka taratibu na kupanda kwa haraka. Kuna skwati ya mguu mmoja, mguu wa nyuma ukiwa umeegemezwa kwenye benchi, ambayo naiona kuwa yenye faida kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa kikapu, kwa kuwa mchezo wenyewe huchezwa zaidi kwa mguu mmoja kwa wakati. Kuna kupiga magoti huku mwenzako amekushika vifundo vya miguu, kisha kujiachia mbele polepole ukiwa umenyooka, zoezi gumu linaloimarisha nyuma ya paja. Na kuna kuinuka kwa ncha za vidole kwenye ukingo wa ngazi, kwa mguu mmoja, kwa ajili ya shavu la mguu na kano ya kisigino. Seti tatu au nne za marudio matano hadi manane zinatosha, na uzito uongezwe pale tu mtu anapomaliza akiwa bado ana marudio mawili ndani yake. Nimewaona vijana wakiongeza uzito kila siku kwa kushindana, na wiki mbili baadaye wako kwenye benchi wamefunga barafu.

Mtu akishajua kutua na akishapata nguvu, ndipo tunapoingia kwenye kile kinachoitwa pliometriki, na hapa lazima nimtaje Yuri Verkhoshansky. Alikuwa kocha wa riadha katika Umoja wa Kisovieti, na akifanya kazi na warukaji wa mruko wa hatua tatu, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alitambua kwamba mrukaji anayegusa chini kwa kishindo na kuondoka mara moja huzalisha nguvu ambazo hakuna chuma kinachoweza kumfundisha. Akawafanya wanariadha wake washuke kutoka juu ya sanduku na, mara tu wanapogusa chini, waruke juu kwa nguvu zao zote. Aliita njia hiyo mbinu ya mshtuko. Jina la pliometriki lilikuja baadaye, mwaka 1975, kutoka kwa Mmarekani Fred Wilt, aliyekuwa mwanariadha na kisha kocha.

Siri ya njia hiyo iko kwenye kano. Kano ya kisigino na ile ya chini ya pia ya goti hufanya kazi kama manati: zikivutwa kwa ghafla huweka nguvu, na zikiachiwa mara moja huirudisha. Neva za msuli nazo, zikihisi msuli umevutwa kwa kasi, huuamrisha ujikaze kabla hata mchezaji hajafikiri. Lakini manati uliyoivuta na kuishikilia hupoteza nguvu yake. Mchezaji anayetua, akazama, akakaa, kisha ndipo akaruka, ameitupa zawadi hiyo yote. Kwa sababu hiyo, katika zoezi hili sitazami urefu wa mruko peke yake, natazama pia muda ambao nyayo zimekaa chini. Ninachowaambia watoto ni maneno mawili: sakafu ina moto.

Hapo ndipo wengi wanapokosea urefu wa sanduku. Verkhoshansky alitumia masanduku ya sentimita 75 hadi 110, na vijana wakisikia hivyo wanataka kupanda meza. Wale walikuwa wanariadha wa hali ya juu, waliojengwa kwa miaka mingi. Sanduku letu limetengenezwa na fundi wa Keko kwa mbao nene, na lina pande tatu zisizolingana, 30 kwa 45 kwa 60, kiasi kwamba ukiligeuza unapata kimo kingine. Karibu wachezaji wangu wote wanabaki kwenye 30. Njia ya kuchagua ni rahisi: mpime mchezaji anaruka kiasi gani baada ya kushuka kutoka 30, kisha kutoka 45. Ikiwa mruko umeshuka au nyayo zimekaa chini muda mrefu zaidi, 45 bado si yake. Seti tatu za miruko mitano, mara moja kwa wiki, kwa wiki nne hadi sita, kisha tunaacha kwa muda. Ni dawa kali, na dawa kali hupimwa kwa kijiko.

Wapo wanaoniuliza kuhusu mchanga wa Coco Beach, kwa kuwa vijana wengi wanapenda kukimbia na kuruka pale asubuhi. Mchanga una faida yake: unameza kishindo, misuli haiumi sana siku inayofuata, na mchezaji anayerudi kutoka kwenye majeraha anaweza kuanza nao. Lakini mchanga ndio hasa unaokaa na nyayo, unaomeza ile nguvu ya manati ambayo tunataka irudi. Ninautumia mwanzoni mwa msimu na sitegemei ufundishe kile ambacho ardhi ngumu pekee inafundisha.

Kuna jambo jingine ambalo lazima nilizungumze na kila kijana anayekuja na ndoto ya kudanki, yaani kuutia mpira ndani ya ringi kwa mkono kutoka juu. Ringi iko mita 3.05 kutoka chini. Kijana wa mita 1.80 akinyoosha mkono hufika karibu mita 2.38, na ili aupitishe mpira juu ya ringi anahitaji mkono ufike takriban 3.20. Hiyo ni sentimita 82 za kuruka, kiwango ambacho wachezaji wengi hawakifikii hata kwa kukimbia. Sikatazi ndoto hiyo. Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyechaguliwa wa pili mwaka 2009 katika drafti, yaani uteuzi wa wachezaji wapya, ya ligi ya kikapu ya Marekani, NBA, alijaliwa urefu wa zaidi ya mita 2.20, na urefu haufundishwi. Kinachofundishwa ni mruko wa pili: mpira umegonga ringi, wote wameruka, wote wametua, na yule atakayeruka tena kwanza ndiye mwenye ribaundi, hata akiwa mfupi. Kinachofundishwa pia ni hatua ya kwanza ya kumpita beki, na breki ya kusimama ghafla ili kurusha. Hizo zote ni nguvu ya miguu, na hutokea mara nyingi katika mechi kuliko danki. Kwa hiyo tunaruka kwa upande, tunaruka mbele kwa mguu mmoja na kusimama palepale, tunakimbia mita kumi na kufunga breki ndani ya hatua mbili.

Kwa mwenye simu inayorekodi kwa mwendo wa polepole, kuna njia ya kupima bila ukuta. Hesabu muda aliokaa hewani, tangu vidole viache ardhi hadi viiguse tena, zidisha muda huo kwa wenyewe, kisha zidisha kwa 1.23, jibu ni mita. Nusu sekunde ni sentimita 31, na sehemu sita za kumi ni sentimita 44. Sharti ni kwamba atue miguu ikiwa imenyooka kama ilivyokuwa alipoondoka, kwa sababu anayekunja magoti hewani anaongeza muda, na namba inadanganya.

Mchezaji akianza kulalamika maumivu pale chini ya pia ya goti, simpumzishi kabisa wala simwambii avumilie. Namwondolea miruko, namwegemeza ukutani kama aliyekaa kwenye kiti kisichoonekana, abaki hivyo sekunde 45, apumzike dakika mbili, arudie hadi mara tano. Kano hupenda mzigo wa utulivu, na mara nyingi maumivu hupungua. Kipimo chetu ni asubuhi inayofuata: goti likiuma zaidi ya jana, mzigo ulizidi, tunapunguza. Likiendelea hivyo kwa wiki mbili, ninamwomba mzazi ampeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia, na sisubiri mechi ipite.

Mwezi wa Ramadhani tunahamishia kazi ya mlipuko baada ya futari, na tunaifupisha zaidi, kwa kuwa mwili uliokosa maji siyo wa kushushwa kutoka kwenye sanduku. Ligi ikianza, mechi zenyewe zinakuwa na miruko ya kutosha: ninabakiza siku moja ya nguvu kwa wiki, seti mbili badala ya nne kwa uzito uleule, na seti mbili za miruko ya sanduku siku tatu kabla ya mechi. Yule binti sasa anajua ratiba hiyo kuliko mimi. Wiki iliyopita alifika kabla ya wenzake, akaligeuza sanduku likae kwa upande wa 45, akashuka mara moja, akanitazama, kisha akalirudisha kwenye 30 bila kuambiwa.